Siku ya Tisa

Hotuba kwa wazazi na walezi katika mkutano wa skuli ya msingi, Unguja. Imeandikwa kama ilivyosemwa, ikapunguzwa hapa na pale.

Assalaam alaykum. Waheshimiwa walimu, wajumbe wa kamati ya skuli, kina mama, kina baba, na nyinyi bibi zetu mliokuja kwa niaba ya wazazi walio kazini, nakushukuruni kwa kuitika.

Mwalimu mkuu aliponialika aliniambia kwamba chawa wamerudi. Hakusema wameingia, alisema wamerudi. Muhula uliopita mlinunua dawa, watoto wakaoshwa, vichwa vikatulia, na baada ya wiki chache wakaanza tena kujikuna. Mama mmoja amenishika mkono hapo mlangoni akanambia, "Dada nesi, mimi nishanunua chupa hata nimechoka, dawa za siku hizi maji matupu." Nimemwelewa. Basi leo sitakaa kukuelezeni chawa ni nini, maana mnamjua. Nataka tuzungumze kwa nini anarudi, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapopotea na ndipo mtoto anapoumia.

Tuanze na ile chupa. Chawa jike hutaga mayai kama sita hadi nane kwa siku. Kila yai hulibandika kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ya kichwa panapopata joto, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala kwa sabuni. Yai hilo huanguliwa baada ya siku sita hadi tisa. Anayetoka ni chawa mchanga, mdogo sana, na hukua kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo kabla ya yeye mwenyewe kuanza kutaga.

Sasa mama amepaka dawa Jumamosi. Dawa nyingi zinazouzwa madukani, permethrini ikiwemo, huua chawa wanaotembea. Mayai haziyamalizi. Jumapili kichwa kimetulia, mtoto analala vizuri, mama anashukuru Mungu na kiasi cha dawa kilichobaki anakiweka juu ya kabati. Jumatano yai moja linaanguliwa. Ijumaa mengine matatu. Hadi wiki ya pili wameshatoka wote waliokuwa ndani ya mayai, kichwa kina chawa wapya, na hakuna aliyemwambukiza mtoto tena. Hawa hawakutoka kwa jirani wala kwa mwenzake wa darasani. Ni wale wale wa Jumamosi, watoto wa wale waliokufa.

Kwa hiyo siku muhimu kuliko zote si ile mnayopaka dawa mara ya kwanza. Ni siku ya tisa. Ukipaka Jumamosi, ihesabu hiyo kuwa ya kwanza. Ya tisa inaangukia Jumapili ya wiki inayofuata. Siku hiyo mayai yote au takriban yote yameshaanguliwa, na waliotoka hawajawahi kutaga au ndio kwanza wanaanza. Ukiwapiga hapo, ukoo umekatika. Ukichelewa wiki mbili tatu, umeanza upya, na chupa nyingine unanunua. Ikiwa karatasi iliyomo ndani ya paketi inataja siku nyingine, ya saba kwa mfano, fuateni karatasi, maana dawa hazifanani. Lakini msiache mara ya pili kwa sababu tu mtoto hajikuni.

Na hili la kujikuna linatudanganya sana. Mwasho hausababishwi na chawa kutembea kichwani. Ni ngozi inayakataa mate yake anapofyonza damu. Mtoto ambaye hajawahi kupata chawa huweza kukaa nao wiki nne hadi sita kabla ngozi haijaanza kuwasha. Aliyewahi kuwapata huwashwa mapema, pengine siku moja au mbili tu. Fikirini maana yake nyumbani. Mnao watoto wanne, wa pili anajikuna, mnamshika yeye, mnamwosha yeye. Kumbe yule wa kwanza, aliyekaa kimya na kichwa chake kizuri, ndiye aliyeleta, na bado anao. Wanalala kitanda kimoja. Usiku wa pili tu mwenye kichwa safi ameshapata wengine.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tumezoea kuitumia methali hii kwenye harusi na kwenye harambee, lakini mwenye kuitunga alikuwa anamjua chawa vizuri sana. Ukimshika kwa kidole kimoja anateleza, na ukimshughulikia kwenye kichwa kimoja anahamia cha pili. Nyumba moja haimmalizi, na hata darasa moja halimmalizi ikiwa watoto hao hao jioni wanakwenda chuoni kusoma Kurani na kukaa mkeka mmoja na wenzao wa skuli nyingine.

Chawa haruki wala hapai. Anatambaa tu, na njia yake kubwa ni nywele za huyu kugusa nywele za yule. Tazameni watoto wetu wanavyoishi. Wasichana wakati wa mapumziko wanakaa barazani wanasukana. Watoto watano wameinamia simu moja, vichwa vimekutana. Binamu wamekuja kwa sikukuu, wanalala watatu kitanda kimoja, na nani atakaewatenganisha? Mimi siwaambii muwazuie watoto kucheza. Mtoto asiyeweka kichwa chake karibu na cha mwenzake ni mtoto mpweke, na chawa si sababu ya kumfanya mpweke. Ninachosema ni kwamba kwa kuwa vichwa vitakutana tu, inabidi vyote vikaguliwe kwa wakati mmoja. Mtoto mmoja akionekana na chawa, usiku huo huo kila anayelala nyumba hiyo akaguliwe, na msichana wa kazi pia, na bibi pia, na baba mwenye ndevu naye asijifiche. Wenye chawa wote wapakwe siku moja. Kisha, bila kuona haya, mpigieni simu shangazi ambaye watoto walilala kwake juzi.

Nitaonyesha sasa namna ya kukagua, kwa sababu kupekua nywele kavu kwa vidole kunamkosa chawa mara nyingi. Anakimbia mwanga, na anakimbia haraka. Osheni nywele kwa sabuni ya kawaida. Halafu, zikiwa bado zimelowa, pakeni kondishena nyingi, au mafuta ya nazi kama ndiyo mliyonayo. Nywele iliyolowa na kuteleza inamfanya chawa atulie, asikimbie. Anzeni na shanuo kufungua mafundo, mpaka litembee bila kukwama. Kisha kishikeni kitana cha chawa, kile cha meno membamba yaliyokaribiana; cha chuma ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu meno yake hayapindi. Gawanyeni nywele mafungu madogo madogo. Kitana kiguse ngozi ya kichwa, kivutwe polepole hadi ncha ya nywele, halafu kifutwe kwenye kitambaa cheupe au karatasi nyeupe. Kila mara mnapokifuta, tazameni. Chawa mzima ana ukubwa wa punje ya ufuta, rangi ya kahawia au ya kijivu, na kwenye kitambaa cheupe mtaona miguu yake ikitafuta pa kushika. Msiache nyuma ya masikio na kwenye kisogo, chini kabisa panapoishia nywele. Ndipo wanapopenda.

Kwa nywele za singa, ndefu, kazi hiyo inachukua nusu saa au zaidi. Kwa nywele za kipilipili kitana hicho kinakwama na mtoto analia, na hilo nalijua. Hapo ongezeni mafuta, gawanyeni mafungu madogo zaidi, na mahali ambapo kitana hakipiti tumieni macho na mwanga wa jua: fungueni mstari kwa mstari mtazame mashina. Msiamini maneno kwamba nywele zetu za Kiafrika hazishiki chawa. Chawa wa Afrika wamezoea nywele za Kiafrika. Na mtoto aliyesukwa afumuliwe kwanza, kwa sababu msuko unapunguza nywele kugusana na za mwenzake, lakini chawa akishaingia ndani yake anakaa raha na hamumwoni.

Mnaweza hata kuwamaliza kwa kitana peke yake, bila dawa. Uingereza wana utaratibu wa siku nne: unachana hivyo siku ya kwanza, ya tano, ya tisa na ya kumi na tatu, kwa hiyo kila kundi linaloanguliwa linakutwa kabla halijakomaa. Ukianza Jumamosi basi ni Jumamosi, Jumatano, Jumapili na Alkhamisi, halafu unakagua Jumatatu. Utafiti uliochapishwa huko mwaka 2005 ulilinganisha kitana na dawa za dukani za wakati ule: waliopona kwa kitana walikuwa asilimia 57, kwa dawa asilimia 13. Lakini 57 si 100, mnaona. Kwa waliobaki, pengine kazi ngumu iliachwa katikati, au chawa walitoka tena kichwa cha jirani. Mimi napendelea vyote viwili pamoja kwa nyumba yenye uwezo, na kitana peke yake kwa nyumba ambayo fedha ya dawa ni fedha ya unga. Hakuna anayepaswa kuona aibu kuchagua kitana.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema kidogo. Katika nchi nyingi chawa wameshaizoea permethrini, hawafi. Namna ya kujua ni rahisi: pakeni, kisha kagueni baada ya kupita muda wa saa nane hadi kumi na mbili. Mkiona chawa wanatembea kama kawaida, hakuna hata mmoja aliyekufa, dawa hiyo imeshindwa, na kuongeza kipimo hakusaidii, kunaunguza ngozi tu. Ombeni ya aina nyingine. Ipo dimetikoni, ambayo si sumu ya wadudu; inamfunika chawa akashindwa kutoa maji mwilini mwake, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuizoea. Baadhi ya dawa za aina hiyo zinashika moto. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa wala mshumaa mpaka aoshwe.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Mafuta ya taa, petroli, dawa ya kupuliza mbu, dawa ya kuogeshea ng'ombe: hivi visiguse kichwa cha mtoto. Najua bibi zetu wengine walitumia mafuta ya taa na wakapona salama. Lakini wapo watoto walioungua ngozi, wapo walioshika moto, na sumu ya wadudu inapita kwenye ngozi ya kichwa yenye vidonda vya kujikuna kuliko mnavyodhani. Chawa wa kichwa anakera, anakosesha usingizi, vidonda vya kucha vinaweza kuingia usaha. Haenezi yeye homa ya matumbo wala maradhi mengine. Anayebeba maradhi mabaya kama taifasi ni chawa wa nguo, naye ni habari nyingine. Hakuna sababu ya kumtia mtoto hatarini kwa ajili ya mdudu huyu.

Kuna wazazi watakaosema, basi wembe. Kweli, kichwa kilichonyolewa hakina pa kutagia, na kwa mtoto anayekubali, mvulana au msichana, ni njia fupi. Ila naomba tuitofautishe na adhabu. Msichana wa miaka kumi aliyefuga nywele zake, akanyolewa kwa nguvu mchana, kesho yake skuli nzima inajua kwa nini. Atakachojifunza ni kuficha. Safari ijayo akiwashwa hatakwambia, atavaa mtandio wake vizuri, atakaa kimya mwezi mzima, na mwezi huo atawapa wenzake wote. Aibu ndiyo inayowafuga chawa katika skuli zetu kuliko uchafu. Uchafu hauhusiki hata kidogo: chawa anafyonza damu, na damu ya kichwa kilichooshwa leo asubuhi ni ile ile.

Mnajua kwamba mwaka 2016, katika magofu ya Lakishi, mji wa kale wa Kanaani unaotajwa katika Biblia, wachimbaji walipata kitana kidogo cha pembe ya ndovu? Kina umri wa miaka kama 3,700. Upande mmoja kilikuwa na meno sita manene ya kufungulia mafundo, upande wa pili meno kumi na nne membamba ya kutolea chawa. Mwaka 2022 wataalamu walisoma maandishi yaliyochorwa juu yake, na ni dua: pembe hii iwang'oe chawa wa nywele na ndevu. Hata mabaki ya chawa wachanga walikuta kwenye jino la pili. Pembe ya ndovu, ndugu zangu, haikuwa mali ya maskini. Tajiri wa Kanaani alijikuna kama anavyojikuna mtoto wako, na aliandika dua yake bila haya. Kwa nini sisi tumnong'oneze mtoto wa miaka minane kwamba ametutia aibu?

Walimu, na nyinyi nawaomba. Mtoto akionekana na chawa asisimamishwe mbele ya wenzake na asirudishwe nyumbani katikati ya masomo. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri hivyo hivyo, kwa sababu nilizokwisha kuzitaja: siku unayomwona amekuwa nao wiki kadhaa, na kukaa kwake darasani hadi mchana hakuongezi kitu. Amalize siku yake. Mzazi aambiwe pembeni. Halafu darasa zima lipelekewe barua bila kutaja jina la mtu: kuna chawa darasani, kagueni wote leo jioni.

Jambo jingine linalowafanya wazazi waamini chawa wamerudi, na hawakurudi, ni maganda. Yai likishaanguliwa ganda linabaki limebandikwa, jeupe, na linasogea mbali na ngozi kadiri nywele inavyokua, kama sentimita moja kwa mwezi. Mayai mliyoyaona mbali na ngozi zaidi ya sentimita hiyo moja karibu yote ni matupu. Msipake dawa kwa ajili ya maganda. Tafuteni anayetembea; msipomwona baada ya kuchana vizuri, hayupo. Na kile kinachopukutika ukikipuliza ni mba, hakihusiani na chawa. Duara lililonyonyoka nywele na lenye magamba ni mapunye, lina dawa yake, mleteni kituo cha afya.

Nyumbani msihangaike kupita kiasi. Chawa aliyetoka kichwani hufa kwa siku moja au mbili kwa kukosa damu. Hakuna haja ya kuchoma godoro wala kupuliza dawa chumba kizima, na fedha hiyo nunueni kitana. Foronya, shuka, mitandio, kofia na taulo zilizotumika siku mbili za mwisho, zifueni kwa maji ya moto na kuzianika juani. Vitana na brashi za nywele vitieni katika maji ya moto kwa dakika kumi. Inatosha. Na mnapompeleka mtoto kusukwa siku moja kabla ya Idd, siku ambayo saluni moja inapitisha vichwa vya mtaa mzima, mpeni kitana chake aende nacho.

Sasa tukubaliane. Jumamosi ijayo jioni, kila nyumba yenye mtoto skuli hii inakagua kila kichwa, na wenye chawa wanaanza pamoja, dawa au kitana, siku moja. Jumapili ya wiki inayofuata, siku ya tisa, tunarudia sote. Mwalimu wa afya atawakumbusha watoto Ijumaa kabla yake, na nimeshaongea na maalim wa vyuo viwili vya karibu ili na wao wawaambie wazazi wao waanze siku hiyo hiyo. Baada ya hapo kagueni mara moja kwa wiki hadi muhula uishe, Ijumaa usiku mnapowachana kwa kawaida, kisha tena watoto wanaporudi kutoka likizo. Wasioweza kununua kitana wamwone mjumbe wa kamati wa mtaa wao leo kabla hawajaondoka. Kamati imekubali kununua vichache vya kuazimishana, na kila kimoja kitiwe maji ya moto kabla ya kupelekwa nyumba ya pili.

Wenye mtoto mchanga, wajawazito na wanaonyonyesha, msinunue dawa yoyote kwanza. Bakini hapa, nitazungumza nanyi mmoja mmoja.